Malkia Havuji, Anatoka Jasho

Jumatatu, 4 Agosti

Dimbwi tena chini ya Malkia. Ukubwa wa sinia. Juzi lilikuwa la ukubwa wa sahani, kwa hiyo maendeleo yapo.

Niandike ukweli, maana shajara hii haisomwi na mtu. Malkia ni gari langu. Kubwa, la kifahari. Viti vya ngozi, paa la kioo linalofunguka, friji ndogo katikati ya viti, vitufe arobaini na viwili kwenye dashibodi. Tisa najua kazi yake. Nilimpata kutoka kwa daktari wa meno aliyesema anamuuza huku moyo ukimuuma. Akafuta na machozi. Mke wangu anasema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Wivu tu. Ila ni kweli kwamba Malkia anakunywa maji. Asubuhi najaza ile chupa ya maji ya rejeta mpaka juu, jioni iko nusu. Yanaenda wapi? Siri yake.

Na Jumamosi ndiyo siku yenyewe! Shule aliyoiongoza mama mkwe wangu kwa miaka thelathini na moja inafungua maktaba yenye jina lake. Saa nne kamili asubuhi. Kilomita tisini, na katikati kuna mlima wenye kona saba. Mama mkwe hajawahi kuchelewa kengele maishani mwake, hata siku aliyojifungua alikwenda shule kwanza. Na amekubali kwenda na mimi. Na mimi! Si na Bwana Sentimita.

Bwana Sentimita ni mume wa dada mkubwa wa mke wangu. Mpima ardhi. Nyumba yake inatazamana na yetu. Ana kigari cha rangi ya uji, kizee, ambacho hakijawahi kulala njiani hata siku moja. Nakichukia. Mama mkwe humwita Sentimita "mwanangu". Mimi, miaka kumi na miwili tangu nimuoe binti yake, bado ananiita "bwana mkubwa", na si kwa heshima. Lakini Jumamosi, akishuka kutoka kwenye Malkia mbele ya umati, neno lenyewe litamtoka. Nimeshaamua.

Jioni Sentimita alivuka barabara akalitazama dimbwi. Akasema gari linavuja. Nikamjibu kwamba magari ya daraja hili hayavuji, yanatoka jasho. Akatoa utepe wake wa kupimia mfukoni, akachuchumaa, akapima. Sentimita arobaini na tatu. Akasema hilo ni jasho jingi, akaenda zake.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamka na mbinu. Nimekusanya makatoni ya keki ya mke wangu (anaoka keki za kuuza, makatoni hayaishi), nikayakunjua, nikayatandaza chini ya Malkia. Kila katoni nimeliandika jina: REJETA, PAMPU, MIPIRA, SIJUI. Litakalolowa ndilo lenye mkosaji. Kisayansi kabisa.

Baada ya saa tatu nikaenda kuangalia. Yote yamelowa. Hata SIJUI.

Nilifungua boneti na kutumia macho yangu mwenyewe. Na nikaona! Mpira wa juu wa maji umepasuka, ufa wa urefu wa kidole. Nikauzungushia utepe wa plastiki mara kumi na tano. Nikajipongeza kwa soda. Kabla soda haijaisha, maji yakaanza kudondoka upande wa pili, kwa utulivu, kama kwamba yalikuwa yananisubiri nikae.

Mke wangu aliuliza makatoni yake yako wapi. Nikajitia hamnazo.

Sasa sina budi kumwita fundi. Lakini Sentimita hukaa barazani kwake kila jioni na gazeti, hakosi kitu. Akiona fundi kwangu, mama mkwe atajua kabla ya chakula cha usiku. Nimempigia fundi simu na kumpa sharti moja: aje amevaa suti. Akaniomba nirudie. Kisha akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia aje tu, na vifaa avitie kwenye mkoba wa ofisini. Majirani wakiuliza, yeye ni afisa wa bima.

Jumatano, 6 Agosti

Fundi alikuja. Suti ya kijivu, ya harusi yake, imembana mabegani. Tai nyekundu. Aliingia chini ya Malkia akiwa na tai. Kutoka barazani Sentimita aliinua mkono kumsalimia afisa wa bima, na afisa wa bima akainua spana.

Amebadilisha mpira, akatia klipu mpya mbili. Nikamuuliza kama tumemaliza. Akasema ndiyo kwanza tumeanza. Kwa maelezo yake, maji ya moto yana nguvu, ukiyazibia mlango mmoja yanatafuta mwingine uliochoka. Nikamwona anataka kujitengenezea kazi. Tukawasha injini. Kona ya rejeta ikaanza kulia machozi! Akaiziba kwa gundi ya chuma. Akasema gari hili linataka kulala gereji siku mbili, akague kila kitu, hata ndani. Nikamwambia haiwezekani, Malkia akikosekana hapa uani siku mbili, Sentimita atafanya sherehe. Akafuta goti la suruali, akaondoka bila kuaga vizuri.

Nilipokwenda kutia mafuta nilikutana na dereva wa lori, mtu wa makamo, mikono kama makoleo. Huyo ndiye mtaalamu! Kanipa siri mbili bure. Ya kwanza: vunja mayai mawili, tia ute mweupe kwenye rejeta, utaiva na kuziba matundu yote. Ya pili: ukipanda mlima na mshale wa joto ukapanda nao, washa hita mpaka mwisho, itafyonza joto la injini. Nimeziandika zote kwenye kiganja.

Malkia ni mkubwa kuliko magari ya kawaida, kwa hiyo nimetia mayai manane. Na viini vyake.

Jambo jingine la kuudhi. Zulia la upande wa abiria limelowa chapachapa. Nimegombana na mke wangu. Nimemwambia aache kupakia mboga alizotoka kuziosha kwenye gari la kifahari. Akaapa kwamba mboga huziweka nyuma kwenye buti, na tena huziosha nyumbani. Ubishi! Zulia haliwezi kulowa lenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama mkwe amewasili. Nilimpokea stendi ya mabasi. Nilimfungulia mlango, nikamshika mkono, nikamkalisha mbele. Akanusa. Akauliza nani kachemsha mayai humu ndani.

Nilisema ni keki. Akasema amekula keki miaka sabini na hajawahi kunusa keki ya namna hiyo. Kioo cha mbele nacho kikaanza kufunga ukungu kwa ndani, jua likiwa linawaka. Nikakifuta kwa mkono wa shati huku nikimsifia barabara. Akaniuliza, taratibu, macho yakiwa mbele: gari hili lina tatizo lolote? Nikasema halina, Mama, liko salama salimini. Akatoa kijitabu kwenye mkoba, akaandika kitu, akakirudisha.

Alipokwenda kupumzika, nikakagua chupa. Nusu! Baada ya mayai manane! Nilitaka kumpiga Malkia teke, nikakumbuka bei ya taa zake.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Kwenye kabati la mke wangu kuna rangi nyekundu ya keki, ile chupa kubwa. Nimeimimina yote kwenye maji ya rejeta. Kesho popote yatakapotokea, nitayaona kutoka barabarani. Ajabu ni kwamba hakuna fundi aliyewahi kuliwaza hili.

Mke wangu anatafuta mayai yake. Anadhani ni panya.

Ijumaa, 8 Agosti

Makatoni makavu! Hakuna tone. Hakuna wekundu chini, hakuna wekundu kwenye mipira, rejeta imekauka kama biskuti. Mayai yameshinda! Nilimwita Sentimita makusudi aje kupima. Alikuja na utepe wake, akainama, akaona hakuna cha kupima, akaurudisha mfukoni. Nimeishi kuiona siku hii.

Kisha nikafungua chupa. Nusu.

Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kufikiri. Maji hayako chini. Maji hayako kwenye chupa. Labda gari likikaa sana linakuwa na kiu. Nikampigia fundi.

Amekuja na suti ileile. Safari hii ndani ya mkoba mlikuwa na pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia. Akaifunga mahali pa kifuniko cha rejeta, akapiga pampu, tukaangalia mshale. Ukashuka, polepole, na chini hakuna hata tone. Fundi akasema kama nje ni kukavu, basi maji yanamwagikia ndani. Kuna rejeta ndogo ya hita nyuma ya dashibodi, akasema, hebu tuinue zulia la abiria. Nikamkatalia katakata! Zulia lile ni la kiwandani, jeusi, limeshonwa vizuri, na unyevu wake sababu yake naijua. Nilimweleza habari za mboga. Alinitazama kama daktari anayetazama mgonjwa anayejitibu.

Hapo ndipo mama mkwe alipotoka nje na kikombe chake. Nikamtambulisha afisa wa bima. Yeye akamkazia macho yule mtu, halafu akasema kwa sauti ya kupanga mstari:

"Wewe si yule wa dawati la mwisho, uliyemeza chaki?"

Fundi akasimama wima. Mikono nyuma! Mwanaume wa miaka arobaini na mbili! Akasema ndiyo, Mwalimu. Wakaenda kando chini ya kamba ya nguo, wakaongea dakika kumi. Aliporudi nikamuuliza alichomwambia. Akasema wamekumbushana mambo ya shule. Hakuniangalia usoni. Akakusanya vifaa, akaniambia nisipande mlima na gari hilo, akaondoka.

Jioni mama mkwe akauliza tena mbele ya mke wangu kama Malkia atafika. Nikasema hata tukitaka kuvuka bara. Akaandika kwenye kijitabu. Kisha akavuka barabara kwenda kumsalimia Sentimita, amebeba mfuko. Akarudi bila mfuko. Nadhani kawapelekea zawadi. Mimi sijapewa.

Mke wangu amemaliza keki ya sherehe. Maandishi yalikuwa yawe mekundu, imebidi yawe ya kijani. Kabati lake sasa lina kufuli.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa mlimani, kona ya tano, ndani ya Malkia. Nje kuna mbuzi wawili wananitazama. Nina muda wa kutosha.

Tuliondoka saa mbili kamili. Mama mkwe mbele, gauni la bluu, soksi nyeupe, viatu vyeupe vya raba. Nilishangaa kidogo, siku kubwa namna ile na viatu vya kupalilia bustani, ila nikajua ni magoti yake. Mke wangu nyuma, keki mapajani. Nilikuwa nimepulizia marashi chupa nzima. Hewa ilikuwa ya mayai na waridi. Kwenye kioo cha nyuma, kwa mbali, kigari cha rangi ya uji. Hakikaribii, hakibaki nyuma. Nikasema moyoni, tufuate tu, ule vumbi.

Kona ya kwanza safi. Ya pili safi. Mama mkwe akaniuliza mara ya tatu. Alisema, kama kuna kitu ninachotaka kumwambia kabla hatujafika juu, huu ndio wakati. Sauti yake ilikuwa ya upole! Ilinigusa, nakiri. Ulimi ulikuwa karibu kusema. Lakini nikamwona Sentimita kwenye kioo. Nikasema hakuna, Mama.

Kona ya tatu, mshale ukaanza kupanda. Kona ya nne, ukapita katikati. Jasho likanitoka mimi sasa. Nikatazama kiganja: siri ya pili. Kwa bahati, kitufe cha hita ni mojawapo ya vile tisa. Nikakizungusha mpaka mwisho.

Mshale ukashuka! Niliishika furaha kwa sekunde labda sita.

Kisha ndani ya dashibodi kitu kikasema paa. Kikafuata kishindo cha maji. Maji ya moto, mekundu, mazito, yakabubujika kutoka chini ya dashibodi na kumwagikia miguuni pa mama mkwe. Raba nyeupe zikawa nyekundu. Soksi zikawa nyekundu. Vipande vya mayai vikaelea. Mke wangu akapiga yowe kwamba mama yake anavuja damu. Nikakanyaga breki, mvuke ukajaa, kioo kikaziba chote, keki ikaruka ikanigonga kisogoni. Nilikuwa sioni kitu na nilikuwa nanukia kama mgahawa.

Mama mkwe hakupiga kelele. Ile paa iliposikika tu alikuwa ameshainua miguu juu ya kifriji, raba na soksi zikapata matone yaliyoruka tu. Yaani alikuwa anayasubiri! Akafungua mlango, akashuka, akajifuta. Kigari cha rangi ya uji kikasimama nyuma yetu taratibu, taa za tahadhari zinawaka, kile kipembetatu chekundu cha onyo kimeshawekwa barabarani kabla sijafungua mkanda. Sentimita akafungua buti. Ule mfuko wa jana! Ndani mlikuwa na soksi safi na viatu vyeusi vya ngozi, vimeng'arishwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Fundi alimweleza kila kitu jana. Hakuna aliyewahi kumdanganya mwanamke huyu zaidi ya dakika mbili isipokuwa mimi.

Mke wangu, akilia, akamuuliza, kama alijua, kwa nini akapanda. Mama mkwe akasema alikuwa ameniahidi kwamba atapanda. Akasema pia kwamba mtihani una muda wake, na yeye hajawahi kumnyang'anya mtu karatasi kabla ya kengele. Aliniuliza mara tatu. Alikuwa anangoja jibu moja tu, la kweli, hata la mstari mmoja.

Akafunga kamba za viatu akiwa amekaa kwenye kiti cha Sentimita. Kisha akaniita nisogee dirishani. Akanishika mkono. Akasema:

"Mwanangu, utarudia darasa."

Wakaondoka. Saa tatu na dakika tano. Watafika mapema.

Kabla ya kurudi ndani nilikaa juu ya jiwe muda mrefu. Nimeona haya. Niandike hivyo, maana ni kweli, niliona haya mpaka masikio yakawaka. Miaka thelathini na moja ya kazi, maktaba yenye jina lake, na mimi ningemfikisha akiwa amelowa mayai. Nilitaka kulia. Labda nililia kidogo. Mbuzi hawatasema.

Lakini kadiri ninavyolitafakari jambo hili, ndivyo ninavyoona upande wake mwingine. Aliniita mwanangu!

Jumapili, 10 Agosti

Malkia amerudishwa nyumbani akivutwa na lori. Dereva wake ni yuleyule mwenye mikono kama makoleo! Nikamshika kwa maswali. Akaniuliza nilitia mayai mangapi. Nilipomwambia, akazima redio, akafungua dirisha lake mpaka mwisho.

Wamerudi na picha. Mama mkwe amekata utepe, Sentimita kashika mkasi kwenye sahani, kajipimia mahali pa kusimama. Katika hotuba yake mama mkwe alisema kosa huwa dogo siku ya kwanza, na kinachotoboa karatasi ni kufuta na kufuta. Watu walipiga makofi. Mke wangu anasema alikuwa ananisema mimi. Nimefurahi kutajwa.

Fundi alipita kumuaga Mwalimu wake. Bila suti. Ameinua zulia mbele ya wote: chini yake maji mekundu, ute, na jani moja la mboga. Nimelionyesha lile jani kwa kila mtu. Hakuna aliyelitilia maanani.

Amesema ataifungua dashibodi, abadilishe rejeta ya hita, siku mbili tu, na Malkia atadumu miaka. Mama mkwe akasema hiyo ndiyo kazi yangu ya nyumbani. Nikaahidi mbele ya familia nzima kwamba kesho asubuhi nitampeleka gereji.

Mke wangu ameniachia kipande cha keki. Kina herufi moja, ya kijani, imepondeka. Alikiweka mbele yangu, halafu akakaa karibu nami mpaka nikamaliza. Nampenda sana mwanamke huyu.

Jumatano, 13 Agosti

Habari kubwa! Malkia ameondoka, na hakwenda gereji. Kwa nini nipoteze siku mbili nikiwa njiani kwenda huko, nikimnywesha Malkia maji kila mtaa, nimekutana na mtu mwenye kofia ya pama, tena muungwana, anayetaka kubadilishana gari? La kwake ni kubwa zaidi. Viti saba! Vitufe hamsini na sita! Friji mbili!

Nimejifunza, nisidanganywe tena. Safari hii nimekagua kila kitu mwenyewe. Chini hakuna tone. Nimeshika mipira yote, mikavu. Kioo cha mbele kilikuwa na ukungu kidogo kwa ndani, akasema ni hali ya hewa. Zulia la abiria lilikuwa limelowa. Nikamkazia macho kama mama mkwe, nikamuuliza mara tatu, moja baada ya nyingine, kama gari lina tatizo. Akasema mara tatu kwamba halina. Unyevu ule, akaeleza huku akipumua kwa uchovu, ni mkewe. Hupakia mboga alizotoka kuziosha.

Nilimwelewa kabisa. Nikamshika bega. Naye akauliza kuhusu wekundu kwenye zulia la Malkia, nikamwambia ni sharubati ya watoto. Tukapeana mikono, watu wazima wawili.

Mama mkwe ana miadi ya macho Jumamosi ijayo, ng'ambo ya mlima. Nimeshampigia simu kumwambia nitampeleka mimi, mwanawe. Akauliza swali moja tu, kama lile gari lilikwenda gereji. Nikasema ndiyo, Mama. Kisha nikasikia kurasa za kijitabu zikifunuliwa.